Jiko la gesi lifunguliwe Shaabani, lisingoje kuharibika

Mhariri,

Dada yangu mkubwa anapika mahamri na kaimati za kuuza nyumbani kwake Kibokoni, hapa Mji wa Kale, na kazi hiyo ameifanya zaidi ya miaka 30. Ramadhani iliyopita nilikwenda kwake baada ya alasiri kumsaidia kubeba masinia, nikamkuta ameketi barazani, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Akaniambia ni saumu. Nikamuuliza kichwa chaanza saa ngapi. Akasema chaanza akishapika kama saa moja hivi, na akitoka nje kupunga upepo chatulia. Saumu haina tabia hiyo. Saumu haijui kama uko jikoni au uko barazani.

Nikaingia jikoni. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu upepo ulikuwa ukimzimia moto. Mlango wa ua umeegeshwa. Karai la mafuta liko juu ya jiko la gesi, na moto ulio chini yake ulikuwa wa njano, mlegevu, wenye ndimi ndefu zinazolamba karai mpaka pembeni. Tako la karai lilikuwa jeusi tititi, masizi yakishika kidole. Nilirudi nyumbani kwangu mbio nikachukua kengele ndogo ya kupimia kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto mbovu, nayo kengele hiyo ni moja ya vitu vichache nilivyokuja navyo kutoka Kanada, nikaiweka rafuni kwa urefu wa kichwa cha mpishi. Baada ya muda ikaonyesha 41, yaani sehemu 41 za sumu katika kila milioni ya hewa. Mahali pa kawaida huonyesha sufuri. Na kengele hizo kwa 41 hazilii. Zimetengenezwa zisilie mpaka kipimo kifike 70 na kikae hapo saa nzima au zaidi. Dada yangu angeweza kukaanga mwezi mzima ndani ya hewa ile na kengele isimwambie neno.

Nilipomwambia nataka kulizima jiko nilifungue, alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Ndugu yangu, jiko lawaka. Jiko likiwaka lina nini tena?"

Ni maneno hayo yaliyonifanya nikuandikie, kwa sababu si mara yangu ya kwanza kuyasikia.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni. Niliondoka mwaka 1994 nikaenda Toronto, nikakaa miaka 25, na sehemu kubwa ya maisha hayo nilikuwa fundi wa matanuri ya gesi ya kupasha nyumba joto. Msomaji wa Mombasa akisikia tanuri atafikiria tanuri la chokaa. Hili ni sanduku la bati, refu kama kabati la nguo, na mara nyingi hukaa katika chumba cha chini ya ardhi. Ndani yake gesi huwaka, moto na moshi wake hupita ndani ya vyumba vya chuma chembamba, na feni kubwa hupuliza hewa ya nyumba ipite kwa nje ya vyumba hivyo ipate joto. Hewa na moshi havigusani. Moshi una bomba lake mpaka nje ya ukuta. Kule baridi hufika nyuzi 20 chini ya sufuri, madirisha hufungwa Novemba yakafunguliwa Aprili, na uhai wa waliolala ghorofani unategemea kile chuma chembamba kinachotenga moshi na hewa yao.

Kwa hiyo kila mwaka, Septemba au Oktoba kabla baridi haijashika, fundi huja. Haji kwa kuitwa na hitilafu. Huja kwa tarehe. Jambo la kwanza ni kuzima umeme wa mashine na kufunga gesi, na hapo hakuna mjadala. Kisha hutoa chujio la hewa, maana chujio lililojaa vumbi hunyima feni hewa, chuma kikachemka kupita kiasi na baadaye kikapasuka. Hufuta feni. Hutoa vichwa vya moto, mafundi twaviita bana, huvipiga brashi, hutazama kama buibui amejenga utando ndani ya mrija, jambo ambalo hutokea sana tanuri likilala kiangazi kizima. Huchunguza bomba la moshi kama limetoboka au ndege ameweka kiota. Kisha kuna kijiti kimoja cha chuma, chembamba kuliko penseli, kinachokaa ndani ya moto wenyewe. Kazi yake ni kuijulisha mashine kwamba moto umeshika. Umeme mdogo sana, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za ampea, hupita ndani ya moto kutoka kwenye kijiti hicho, na mashine ikiukosa hufunga gesi baada ya sekunde chache. Kijiti kikipata utando mwembamba tu, tanuri zima huwaka likazima, likawaka likazima, na wenye nyumba wakalala na makoti.

Nilikuwa bado mwanagenzi. Ontario, jimbo ambalo Toronto imo ndani yake, ina madaraja matatu ya leseni za mafundi wa gesi, na mwenye daraja la chini, la G3, haruhusiwi kufanya kazi bila msimamizi. Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Kireno, mtu wa maneno machache. Januari moja tuliitwa nyumbani kwa bibi mmoja mtaa wa Scarborough, tanuri lawaka likizima. Nilikitoa kile kijiti, nikakisugua polepole kwa pamba ya chuma, nikakirudisha. Dakika kumi. Moto ukashika na kubaki. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu, roho yangu imefurahi.

Mzee akaniambia: ngoja feni ianze.

Tukapiga magoti mbele ya tanuri tukitazama moto. Ulikuwa wa buluu, umesimama wima kama askari. Baada ya nusu dakika hivi feni kubwa ikanguruma, na papo hapo moto wa mrija wa tatu ukalala upande, ukaanza kucheza kama mshumaa uliopigwa na upepo. Mirija mingine ilitulia. Mzee hakusema kitu, alizima mashine akafunga gesi. Moto haukupaswa kujua kwamba feni imeanza. Kama upepo wa feni umeufikia, basi chuma kinachowatenga kimepasuka, na pale upepo ulipopitia kuingia, moshi nao utapitia kutoka. Tulipomulika kwa tochi na kioo tuliuona ufa, mrefu kama kidole changu cha shahada.

Akaandika karatasi nyekundu akaifunga kwenye tanuri. Kule fundi akikuta hatari ya namna hiyo hana hiari, lazima akate gesi kabla hajaondoka. Yule bibi alilia. Alisema maneno yale yale ya dada yangu, kwa lugha nyingine: limekuwa likiwaka, mbona mwalifunga? Mzee alimtafutia vipasha joto viwili vya umeme vya kumsitiri usiku ule, na kesho yake tukarudi kuanza kazi ya kubadilisha tanuri. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka mbele ya kifaa chochote cha gesi kwa kuwa tu kimewaka.

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, na damu huipenda kuliko oksijeni, huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, akadhani ni homa. Desemba 2008, mji wa Woodstock, Ontario, familia ya watu wanne ilifariki nyumbani kwao kwa sababu bomba la moshi la meko yao ya gesi lilikuwa limeziba. Ndugu zao walipigania sheria, na tangu Oktoba 2014 nyumba za jimbo lile zenye vifaa vya kuchoma gesi, kuni au mafuta zimelazimika kuwa na kengele hiyo. Nayataja haya kwa sababu watu wetu hapa wanaogopa mlipuko peke yake. Na ni haki kuuogopa. Tuliona sote yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa kuamkia Februari 2, 2024, watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Lakini moto mbovu wa jikoni haupigi kishindo. Humla mtu polepole, naye akimeza panado.

Sasa nirudi Kibokoni.

Nililizima jiko la dada yangu, nikafunga mtungi, nikangoja chuma kipoe. Kwanza nilivua bana. Matundu nusu nzima yalikuwa yamezibwa na shira ya kaimati iliyoungua ikawa kama lami. Ndani ya mrija mmoja, pale gesi inapochanganyika na hewa kabla ya kufika motoni, palikuwa na mabaki ya mende na udongo wa nyigu. Gesi ikikosa hewa ya kutosha pale, haiungui ikaisha. Ndipo hutoka moto wa njano, masizi, na ile sumu.

Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia lilikuwa nyuma ya jiko. Dada alilinunua miaka miwili iliyopita, la mtumba, zuri kwa sura, lililoingia kwa kontena kutoka Uingereza. Nililivuta kutoka ukutani nikafuta vumbi kwenye kibandiko, nikasoma: G20. Wasomaji wako wakizikariri herufi hizo, Mhariri, nitashukuru sana. G20 ni ile gesi asilia inayokuja nyumbani kwa mabomba ya ardhini kama ilivyo Ulaya. Yetu ni ya mtungi, na jiko la gesi ya mtungi huandikwa G30 au G31. Tofauti iko kwenye jeti, kile kitundu cha shaba chembamba ambacho gesi hutokea. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na husukumwa kwa kani kubwa zaidi, hivyo jeti yake huwa na tundu dogo. Ukiliunganisha jiko la G20 na mtungi bila kubadilisha jeti, gesi inayotoka ni nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Utasafisha bana mpaka vidole vichubuke na moto utabaki wa njano. Matanuri ya Kanada yana sheria hiyo hiyo: la gesi ya bomba halipelekwi shamba lenye mtungi mpaka jeti zibadilishwe na kani ya gesi ipimwe upya.

Majiko ya namna hii yamo mengi katika mji wa bandari kama wetu. Yanashuka kontena kwa kontena, mengine kutoka Ulaya, mengine kutoka Dubai, na dukani hakuna anayekugeuzia nyuma ya jiko ukasome. Mnunuzi huulizwa rangi aitakayo na idadi ya macho ya moto. Naomba tuanze kuuliza kibandiko.

Jambo la pili la kwetu ni chumvi. Mji huu umezungukwa na bahari. Kusi ikivuma, hewa ya jikoni kwetu ina chumvi ya kutosha kula bawaba za milango, sembuse regyuleta, kile kichwa cha mtungi kinachopunguza kani ya gesi. Regyuleta ya dada yangu ilikuwa imeota kutu kifuani, na tako la mtungi limeanza kumenyeka kwa sababu ulikuwa umesimama juu ya sakafu inayodekiwa kila siku. Mpira wa gesi ulikuwa na nyufa nyembamba pale unapojipinda, na upande wa jiko haukuwa na klipu. Ulifungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundi aliyeufunga namjua kwa sura na sitamtaja. Nilimwendea nikamwonyesha, akapokea kwa uungwana.

Chumvi ina hila nyingine. Hupaka moto rangi. Wali ukifurika, au upepo wa bahari ukiingia dirishani, utaona cheche za machungwa ndani ya moto wa buluu. Usishtuke. Hizo hupita baada ya muda na haziachi masizi. Moto mgonjwa ni ule wa njano unaokaa, mlegevu, unaonyong'onyea, na tako la sufuria hukutolea ushahidi. Mama aliyezoea kusugua sufuria nyeusi kila siku kwa jivu na steelwool aelewe kwamba gesi safi haifanyi sufuria iwe nyeusi.

Nimeulizwa na majirani mtu afanye nini mwenyewe na amwachie fundi nini. Nitasema kama nilivyowaambia.

Kilicho chako ni usafi na macho. Funga mtungi, acha jiko lipoe, vua bana na vifuniko vyake, viloweke katika maji moto na sabuni, vipige mswaki wa zamani, zibua kila tundu kwa waya mwembamba. Usitumie kijiti cha meno, hukatikia ndani. Vikaushe kabisa, ikiwezekana juani, maana bana yenye maji hutema moto. Uvirudishe vikae sawasawa, kwa sababu kifuniko kilichokaa upande hutoa moto upande. Kagua mpira mzima kwa kuukunja taratibu kwa vidole huku ukitafuta nyufa. Mpira mzuri umepigwa chapa mwaka wake. Mimi hapa pwani huubadilisha kila miaka miwili hata ukionekana mzima, na gharama yake ni ndogo kuliko kilo moja ya nyama. Kila ukibadilisha mtungi, tazama kama oringi, ile pete ya mpira mdomoni mwa vali, ipo na haijakatika. Kisha changanya sabuni na maji, paka kila maungio, fungua mtungi huku jiko limefungwa, utazame. Pakitoka mapovu yanayokua, panavuja.

Nakazia jambo la sabuni kwa sababu ya niliyoyaona mwenyewe. Kijana aliyeleta mtungi ghorofani kwetu aliufunga, kisha akawasha kibiriti akakizungusha kwenye regyuleta ili kuona kama yavuja. Nilimshika mkono. Aliniambia ndivyo alivyofunzwa dukani. Mhariri, huyo ni mtoto wa watu. Apanda ngazi za nyumba 20 kwa siku na mitungi ya kilo 13 begani, na kila nyumba awasha kibiriti. Aliyemfunza hivyo amemtuma kwenye kifo chake na cha wenye nyumba. Sikumgombeza. Nilimpa chupa ya maji ya sabuni na kitambaa, na mara ya pili alipokuja alikuwa nayo mfukoni.

Kisichokuwa chako ni jeti, regyuleta na vali ya mtungi. Usiingize sindano kwenye jeti kuizibua. Ni shaba laini, na tundu lake limepimwa. Ukilipanua kwa unene wa unywele umekwisha kuligeuza jiko. Usifungue regyuleta kuitengeneza. Regyuleta mbovu hutupwa. Na vali ya mtungi ikivuja, mtungi utolewe nje mahali pa wazi, mbali na moto, urudishwe kwa muuzaji.

Kuna mazoea mawili ya gesi ikikaribia kuisha ambayo nayasikia kila nyumba: kulaza mtungi, na kuutia kwenye beseni la maji moto. Mtungi una gesi ya maji chini na mvuke juu, na jiko limeundwa kupokea mvuke. Ukiulaza, ile ya maji ndiyo itakayoingia mpirani. Tone dogo lake hugeuka mvuke mara mia mbili na zaidi ya ujazo wake, na moto utakaoruka hapo hauzimwi kwa khanga. Mwenye meko ya kilo 6 asithubutu kabisa, maana moto wake uko juu ya mtungi wenyewe. Ikiisha, imekwisha.

Na dirisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni kama maji na kukusanyika pembeni, chini ya kabati, kwenye shimo la maji machafu. Kwa hiyo jiko lahitaji pa kutokea hewa chini, mlangoni, na juu pia kwa ajili ya joto na moshi. Zile nyumba zetu za zamani zilikuwa na ua wa ndani, na waliozijenga walijua walichokuwa wakikifanya. Jiko lilikuwa uani. Siku hizi ua umegawanywa vyumba vya kupangisha, na jiko limesukumwa kwenye ukumbi usio na hata tundu. Wenye nyumba nawaomba kwa unyenyekevu: tundu la matofali mawili chini ya ukuta wa jiko halipunguzi kodi.

Ukisikia harufu, ile harufu mbaya waliyoitia makusudi ili tuijue, usiguse swichi, hata kuzima taa. Usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama waweza kuufikia, fungua milango, toka.

Sasa ombi langu. Kule kuna Oktoba. Sisi hatuna baridi, na hatuna tanuri, lakini tuna mwezi wetu ambao kila jiko la Mombasa hufanya kazi mara tatu ya kawaida, na tuna mwezi unaoutangulia. Shaabani twapaka chokaa, twasaga bizari, twanunua tende, na siku zake za mwisho tunavunja jungu. Naomba jiko la gesi liingizwe katika orodha hiyo. Lifunguliwe Shaabani, lipoe, lioshwe, mpira ukaguliwe, maungio yapakwe sabuni, nyuma yake pasomwe. Asiyefunga naye achague mwezi wake, kabla ya Krismasi au kabla ya Diwali, mradi iwe tarehe na isiwe hitilafu. Imamu mmoja wa mtaa wetu nimemzungumzia, akakubali kulitaja baada ya sala ya Ijumaa. Gazeti lako laweza kulifikisha Likoni, Changamwe, Kongowea na kila mahali ambapo sauti ya msikiti wetu haifiki.

Vyuo vyetu vya ufundi navyo nawasihi. Sehemu kubwa ya gesi inayopikiwa nchi hii hushukia hapa bandarini kwetu, na vijana wa hapa hawana kazi. Mafundi wa friji tunao, mafundi wa simu wamejaa Mwembe Tayari, lakini ukitaka mtu wa kukubadilishia jeti kwa kipimo na kukuandikia karatasi kwamba amefanya, utazunguka mji mzima. Mimi nina miaka 63 na magoti yangu yamechoka kupiga mbele ya mashine. Nina seti ya jeti, kipimo cha kani ya gesi na muda wa jioni. Kijana atakayetaka kujifunza, nitamfunza bila malipo.

Jiko la dada yangu nililibadilisha jeti zote nne, nikaweka regyuleta mpya, mpira mpya na klipu mbili. Mtungi umesimama juu ya ubao, mbali na maji ya deki. Dirisha halifungwi tena. Tumeweka kipande cha bati kando ya jiko kuukinga moto na upepo, hewa ikipita juu yake. Siku ile ile aliporudi kukaanga niliirudisha kengele rafuni nikakaa nayo mpaka adhana ya magharibi. Ilisoma sufuri. Alikaanga sinia tatu za kaimati, akatoka barazani kunigawia za kwanza, na hakushika kichwa.

Kule Toronto tulikuwa tukimaliza kazi tunabandika karatasi ubavuni mwa tanuri, yenye tarehe na jina la fundi, ili atakayekuja baada yako ajue. Ya dada yangu nimeiandika kwa kalamu ya wino nikaigandisha ubavuni mwa jiko, juu ya kishikio cha tanuri ya mkate. Chini ya tarehe nimeandika: kuonana tena Shaabani, inshallah. Juzi nilipopita nikaona ameongeza mwandiko wake chini ya wangu, majina ya majirani watatu wanaotaka majiko yao yatazamwe, na namba za milango yao.

Wako mtiifu,
Fundi mstaafu wa gesi,
Kibokoni, Mombasa